Namna ya kupima na kupanga madaraja ya matumizi ya nishati hotelini

Kabla ya kusema kwamba hoteli fulani ya Dar es Salaam inakula umeme kupita kiasi, ni lazima ijulikane inalinganishwa na ipi, kwa kuwa gesti ya Sinza inayotegemea feni haiwezi kuwekwa kwenye mizani moja na hoteli ya Masaki yenye bwawa la kuogelea, mashine zake za kufulia na viyoyozi hadi kwenye korido.

Kusanya kumbukumbu za miezi 12 mfululizo, ili joto la Desemba hadi Machi na nafuu ya Juni hadi Agosti vyote vihesabiwe. Anayetumia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, asitegemee risiti za manunuzi, kwani uniti zilizonunuliwa si lazima ziwe zimekwisha; asome mita tarehe 1 ya kila mwezi. Umeme peke yake hautoshi. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina takriban kilowati-saa (uniti) 13 na lita moja ya dizeli takriban 10, hivyo mtungi wa kilo 15 unaoingia jikoni ni sawa na kilowati-saa 195 hivi. Ukishahesabu dizeli ya jenereta, usijumlishe tena umeme uliozalishwa nayo.

Tuseme hoteli ya vyumba 40 yenye eneo la mita za mraba 3,000 imetumia kilowati-saa 360,000 kwa mwaka: hiyo ni 120 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa asilimia 60 ya vyumba vililaliwa, yaani mara 8,760, kila chumba kilichouzwa kwa usiku mmoja kilibeba takriban 41. Tumia vipimo vyote viwili, maana cha pili hupanda wageni wanapopungua hata kama hakuna uzembe wowote.

Madaraja yapangwe ndani ya kundi la hoteli zinazofanana kwa huduma, viyoyozi na ukubwa, kisha kundi ligawanywe katika robo nne, kuanzia zinazotumia kidogo hadi zinazotumia zaidi. Marekani ina mfumo wa Energy Star wa kupima ufanisi wa nishati wa majengo, wenye alama 1 hadi 100, lakini alama hizo zimejengwa juu ya majengo ya huko, na kwa maoni yangu kuziazima zilivyo ni kujidanganya.

Hoteli ikiangukia robo ya mwisho, soma mita saa nane usiku na tena saa kumi alfajiri, katika msimu wa wageni wachache. Kinachotumika muda huo ni majokofu, pampu, taa za nje na, mara nyingi, viyoyozi vya vyumba vitupu. Hapo ndipo ukaguzi uanzie.