Anza na Rafu ya Risasi, Bunduki Baadaye

Unayeanza kuwinda kulungu huku Marekani, kabla hujaipenda bunduki, pitia rafu za risasi: duka kubwa la mjini, halafu lile la kijijini linalouza na chambo na soksi. Zinazopatikana kote ndizo zako. Mimi nina bunduki ya risasi aina ya .308 Winchester; aina ya .30-06, ya tangu 1906, nayo sawa. Za majina mapya nawaachia wenye pesa zao.

Risasi hizo mbili, .308 na .30-06, vichwa vyake vina kipenyo kimoja, ila usithubutu kuzibadilishana! Maandishi ya kwenye mtutu yafanane na ya kitako cha ganda. Ukibadili aina ya risasi, hata kaliba (kipenyo) ileile, rekebisha shabaha upya. Mazoezi fanyia .22, risasi ndogo; boksi la .308 litunzie msimu.