Namba Iliyojificha
Jana baada ya alasiri, tukiwa barazani Mji wa Kale na kahawa chungu, mpwa wangu alinitegea hiki: namba ya tarakimu tatu, ni shufwa, inagawanyika kwa 9, makumi ni maradufu ya mamia, na mamoja yanazidi makumi.

Usibahatishe. Shika kwanza kidokezo kinachobana zaidi, yaani maradufu. Mamia hayapiti 4, kwa hiyo mwanzo ni 12, 24, 36 au 48.

Sasa 9. Namba ikigawanyika kwa 9, jumla ya tarakimu zake nayo hugawanyika. Kanuni hii naipenda mno! Tunapata 126, 243, 360, 369, 486. Shufwa inafuta 243 na 369. Mamoja kuzidi makumi? Ni 126 tu.