Kufika Kisiwa cha Mombasa kwa Barabara Kutoka Dar es Salaam: Upite Likoni au Dongo Kundu?

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mombasa kwa barabara anapaswa kuamua jambo moja kabla hajafika Ukunda, mji wa pwani ya kusini mwa Mombasa, nalo ni mlango atakaoingilia mjini: kivuko cha feri cha Likoni, au barabara ya Dongo Kundu inayozunguka hadi bara. Mombasa ni kisiwa, na barabara itokayo Tanzania hukifikia kutoka kusini, upande ambao hauna daraja la magari la kuingia mjini moja kwa moja. Maelezo haya yamekusudiwa kumsaidia msafiri kuchagua, kwa sababu chaguo baya linaweza kumgharimu saa kadhaa mwishoni mwa siku, wakati ambapo amekwisha kuchoka.

Safari hadi mpakani haina mafumbo. Abiria wa basi huanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, akapita Chalinze, Segera, Muheza na Tanga kabla ya kufika Horohoro. Mwenye gari lake anaweza kuikwepa foleni ya Kibaha kwa kupita Bagamoyo hadi Msata na kuungana huko na barabara ya Segera. Kwa mkazi wa Tegeta au Bunju, sioni sababu yoyote ya kurudi Kimara. Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni takriban kilomita 65, na kutoka mpakani hadi Likoni ni zaidi kidogo ya 100. Mtanzania hahitaji viza, lakini awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho watu wengi hukikumbuka wanapoulizwa wakati wa kurudi. Gari nalo liwe na kadi yake na bima ya COMESA, yaani ile ya kuvuka mipaka, na kama si lako, beba barua ya ruhusa ya mwenye gari.

Sababu ya upande wa kusini kukosa daraja inaonekana katika maji yenyewe. Magharibi, penye mkondo wa Makupa, maji yalikuwa haba kiasi kwamba bahari ikipwa watu waliweza kuvuka kwa miguu. Ndipo walipopita Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi, mwaka 1589, na ndiyo maana Wareno waliweka vingome vya kulinda njia hiyo. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896 kuelekea bara ilivushwa upande huohuo, kwa daraja lililopewa jina la Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Baadaye mkondo ulijazwa kifusi ili barabara ipite juu yake, na kwa miongo mingi maji hayakuweza kukizunguka kisiwa, hadi Daraja la Makupa lilipofunguliwa mwaka 2022 na bahari ikaachiwa njia tena. Kaskazini, Nyali ilipata daraja la kuelea mwaka 1931, na la zege likachukua nafasi yake mwaka 1980. Kusini mambo ni tofauti kabisa: hapo ndipo lilipo lango la bandari ya Kilindini, penye kina kirefu, na kila meli ya makontena sharti ipite. Daraja la kudumu mahali hapo lingelazimika kuinuliwa juu sana, na ingawa limepangwa kwa miaka mingi, kazi ya kuvusha watu ingali mikononi mwa feri.

Ukichagua Likoni, zingatia saa. Wakazi wengi wa Likoni hufanya kazi kisiwani, hivyo asubuhi umati huelekea mjini na jioni hurudi, kama ilivyo kwa watu wa Kigamboni na pantoni ya Magogoni. Msafiri aliyeondoka Dar es Salaam alfajiri hufika Likoni mchana kuelekea jioni, naye huwa anakwenda kinyume na umati, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa mwenda kwa miguu. Mwenda kwa miguu halipi chochote. Gari hulipiwa kulingana na ukubwa wake. Geti likifunguliwa, watu huteremka kwa pamoja kwenye njia ya mteremko, wakichanganyikana na baiskeli na mikokoteni iliyojaa mizigo, kwa hiyo mshike mtoto mkono na uweke mkoba mbele ya kifua. Usipige picha. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu, lakini meli kubwa inapoingia au kutoka Kilindini, feri husubiri mpaka ipite.

Dereva akishapanda, avute breki ya mkono, azime injini, aache gari kwenye gia, na ikiwezekana aliyemo ashuke. Nasisitiza hili kwa sababu mwaka 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri na watu wawili wakafa maji hapo Likoni. Katika kivuko jirani cha Mtongwe, feri ilipinduka tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu 272, kwa hiyo ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, subiri kinachofuata bila kuona haya.

Njia ya pili ni Dongo Kundu. Sehemu yake ya kwanza, inayounganisha Miritini na Kipevu, ilifunguliwa mwaka 2018, na mwaka 2024 magari yakaanza kupita njia nzima hadi Kibundani, kwenye barabara itokayo Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka. Kabla ya hapo, dereva asiyetaka feri alilazimika kuzunguka Kwale na Kinango hadi kuikuta barabara ya Nairobi. Sasa ukifika Kibundani unapinda kushoto, unapita Daraja la Mteza lenye urefu unaozidi kilomita moja, kisha la Mwache, na kutokea Miritini. Kwa anayekwenda uwanja wa ndege, stesheni ya treni ya SGR au Nairobi, sioni hoja ya kwenda Likoni. Kwa anayekwenda Mji wa Kale au Ngome ya Yesu, Dongo Kundu humtoa bara, na bado atalazimika kurudi mjini kupitia Changamwe na Makupa katikati ya malori ya bandari. Huyo avuke Likoni, isipokuwa foleni ya magari iwe imefika mbali.

Wakati wa kurudi, ondoka kisiwani asubuhi mapema, saa ambayo umati unaingia mjini na wewe unatoka. Hakikisha pia kwamba shilingi za Kenya zilizobaki umezibadilisha kabla hujaondoka mpakani, maana ukifika Segera hakuna mama lishe atakayezipokea.