Mbwa ameacha kula na ana kupe: cha kufanya, hatua kwa hatua

Mbwa aliyezoea kukulaki getini ghafla haamki. Ugali na matumbo vimebaki kwenye sahani tangu jana, na ukimwita anatikisa mkia kidogo akiwa amelala vilevile. Mbwa wa namna hiyo akiletwa kwangu, hasa mvua za Machi hadi Mei zikishaanza, jambo la kwanza ninaloshuku ni homa ya kupe. Wengi hupona kabisa wakiletwa mapema. Wanaokufa mara nyingi ni wale waliochelewa, au waliopewa dawa ya ng'ombe kwanza.

Jina "homa ya kupe" hubeba magonjwa zaidi ya moja. Mawili ndiyo tunayoyaona sana. Erlikia husababishwa na bakteria wanaoingia kwenye chembe nyeupe za damu, na babesia ni vijidudu vinavyopasua chembe nyekundu. Dawa zake ni tofauti, kwa hiyo usikubali mbwa wako atibiwe kwa kukisia tu.

Hatua ya 1: Tazama fizi

Anza hapa kabla ya kumpigia mtu yeyote simu. Inua mdomo wa juu wa mbwa kwenye mwanga mzuri. Fizi za mbwa mzima zina rangi ya waridi na unyevu. Zibonyeze kwa kidole hadi pawe peupe, kisha uachilie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Kama mbwa wako ana fizi nyeusi kwa asili, vuta chini kope la chini la jicho uangalie ndani yake.

Fizi nyeupe maana yake damu imepungua sana. Fizi za manjano, au mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, huashiria kuwa chembe nyekundu zinapasuka. Vidoadoa vyekundu kwenye fizi au tumboni, au damu kutoka puani, huonyesha kwamba chembe zinazogandisha damu zimepungua sana, na hiyo ni dalili kubwa ya erlikia. Ukiona lolote kati ya haya, acha kusoma umpeleke mbwa kwa daktari sasa, hata kama ni usiku. Hatua zinazofuata utazirudia baadaye.

Hatua ya 2: Pima joto

Pua kavu haikwambii kitu. Nunua kipimajoto cha kawaida kwenye duka la dawa, kipake mafuta ya kujipaka, ukiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa huku mtu anayemzoea akimshika kichwa. Mbwa mzima huwa kati ya 38.3 na 39.2, kwa hiyo usishtuke ukiona 38.7, hicho ni kipimo cha homa kwa binadamu, si kwake. Ikizidi 39.5 ana homa. Andika kipimo na saa uliyopima, daktari atavihitaji.

Hatua ya 3: Usimpe chochote cha kumtuliza

Panadol, dawa za maumivu za binadamu, sindano iliyobaki ya ng'ombe: acha. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na mbwa mwenye erlikia tayari anavuja damu kwa urahisi. Kuna pia sindano ya diminazini ambayo wafugaji huijua vizuri kwa ng'ombe. Ndani ya mwili wa mbwa nafasi kati ya dozi inayotibu na ile inayoharibu ubongo ni ndogo mno. Mpe maji safi na kivuli, basi.

Hatua ya 4: Dai kipimo cha damu

Hakikisha anayemtibu mbwa wako amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Una haki ya kumuuliza, na daktari wa kweli hachukii swali hilo. Anayekaa upande wa Kangemi au Uthiru ana kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi karibu, pale Kabete.

Ukifika, omba mambo matatu: damu itazamwe kwa hadubini, kiwango cha chembe nyekundu kipimwe, na chembe za kugandisha damu zihesabiwe. Tone moja kutoka ncha ya sikio mara nyingi linatosha kumwonyesha daktari babesia ndani ya chembe nyekundu. Erlikia ni vigumu kuiona kwa njia hiyo, ndiyo maana kuna kipimo cha haraka cha kutafuta kingamwili. Mwambie daktari ni dawa gani ya kupe uliyotumia na lini, na kama mbwa amewahi kupata kifafa.

Hatua ya 5: Maliza dozi

Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida siku 28. Siku ya pili au ya tatu mbwa anaanza kula, anabweka, na hapo ndipo wenye mbwa wengi huacha vidonge. Naelewa, kumshindilia mbwa kidonge kila siku ni kazi. Lakini bakteria wakibaki hujificha, na ugonjwa unaweza kurudi miezi kadhaa baadaye ukiwa umeshafika kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inakotengenezwa. Hapo matibabu huwa magumu sana. Mpe kidonge pamoja na chakula na maji, kwa sababu kikikwama kooni kinachoma.

Babesia hutibiwa kwa sindano, na daktari ndiye anayeidunga. Mwenye upungufu mkubwa wa damu huongezewa damu ya mbwa mwingine.

Hatua ya 6: Toa kupe waliopo

Pitisha vidole ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole vya miguu na chini ya mkia. Mkamate kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kupindisha. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa. Mtumbukize kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha, maana kupe huyuhuyu wa mbwa anaweza kumwambukiza binadamu homa ambayo vitabu vya tiba huiita homa ya kupe ya Kenya. Vaa glavu, na usiwape watoto kazi hii.

Hatua ya 7: Dawa ya kuzuia, na tahadhari ya paka

Mpime mbwa uzito kwanza. Simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, utoe. Kuna vidonge vya kutafuna vinavyofanya kazi mwezi mmoja na vingine wiki 12, kuna kola, na kuna matone ya mgongoni. Ukitumia matone usimwogeshe mbwa siku mbili kabla na siku mbili baada.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe inayopimwa kwa kifuniko kwenye ndoo, sikushauri. Agroveti nyingi huiuza kwa kazi hiyo kwa sababu ni rahisi, lakini kipimo chake kilitengenezwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Mbwa hujiramba, na kile kilichobaki kwenye manyoya anakimeza chote.

Kama una paka, soma sehemu hii mara mbili. Matone mengi ya mbwa yana permethrini, kemikali iliyobuniwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, yaleyale yanayolimwa Nakuru na Nyandarua. Mbwa huivunja mwilini bila shida. Ini la paka haliwezi. Tone la mbwa mkubwa likiwekwa kwa paka linaweza kumuua, na hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyetiwa dawa leo yuko hatarini. Amitrazi, kemikali nyingine ya kuua kupe, pia ni sumu kwake. Dalili ni masikio kuchezacheza, mwili kutetemeka, kisha degedege. Mwogeshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, mfunike kwa taulo, umpeleke kliniki na pakiti ya dawa mkononi. Na huyo paka usimpe Panadol kamwe, hata kipande.

Hatua ya 8: Tibu kibanda

Hapa ndipo kazi yote hushindwa. Kupe wa kahawia wa mbwa hupanda mwilini mara tatu maishani mwake: akiwa mtoto wa miguu sita, akiwa kijana, na akiwa mkubwa. Kila mara akishiba hushuka, na hatafuti majani kama kupe wa ng'ombe. Hupanda ukuta. Hujificha kwenye nyufa za mawe, chini ya mabati, nyuma ya fremu ya mlango wa askari. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai humo. Kwa hiyo wale unaowaona mwilini ni wachache tu. Wengi wako kibandani wakingoja, na baridi ya Julai haiwamalizi.

Choma magunia na matambara anayolalia mbwa. Fagia kibanda hadi kwenye kona za dari. Ziba nyufa kwa simenti, maana ufa uliozibwa hauhitaji dawa tena. Nyunyizia dawa ya kupe ya majengo ndani ya nyufa na juu ya kuta, si sakafuni pekee. Mbwa akae nje hadi pakauke kabisa, na paka afungiwe kwingine. Rudia baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa na yatakuwa yanaanguliwa. Kama mnaishi ploti moja na majirani wenye mbwa, pangeni siku moja mnyunyizie wote.

Mrudishe mbwa kliniki dozi ya vidonge ikiisha, chembe za damu zihesabiwe upya, hata kama anaruka na kula vizuri.