Kabla hujafungua pinboli inayojizima yenyewe

Unacheza vizuri pinboli, ile mashine ya kupiga gololi ya chuma chini ya kioo; gololi inakuja katikati, unabonyeza vitufe vya flipa zote mbili, vile vikono vya kuirudisha juu, kwa mpigo, na ghafla taa zote zinazimika. Sekunde chache baadaye mashine inajiwasha upya kama vile ndiyo kwanza imechomekwa. Alama zako zimekwenda. Ugonjwa huu ni maarufu kwa mashine za Williams na Bally zilizotengenezwa Chicago miaka ya 1990, na hasira za wakati huo ndizo humfanya mtu ashike bisibisi kabla hajashika mchoro wa umeme.

Anza na plagi. Si swichi, plagi. Swichi ya kuwashia iko chini ya sanduku, kona ya mbele kulia, na hata ukiizima umeme wa ukutani bado unafika hadi kwenye swichi yenyewe. Chomoa, kisha plagi uiweke mahali unapoiona ili mtoto au mgeni asikuchomekee kwa wema. Kama mashine imetoka Marekani ikashukia Dar au Mombasa, hakikisha transfoma imepangwa kwa volti 230 na haijabaki kwenye 120 za huko. Tazama pia pini ya athi. Kuna watu huikata makusudi ili plagi iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Mashine yenye miguu ya chuma na haina athi, mimi siigusi.

Ukishatoa kioo, kilaze juu ya zulia. Kona yake ikigonga marumaru kinaweza kumwagika chote kama chumvi ya mawe. Halafu toa gololi zote kabla hujainua ubao wa kuchezea. Kila moja ina gramu 80 hivi, na ikiporomoka ndani ya sanduku huvunja taa na kupinda swichi, nawe utabaki na hitilafu mbili badala ya moja.

Vifaa si vingi: maltimita (mita ya kupimia umeme), tochi, chombo cha kuwekea skrubu, simu ya kupigia picha kila konekta (kiungo cha nyaya) kabla hujaichomoa, na kitabu cha mashine yako hasa, si cha mashine inayofanana nayo. Konekta usiichomoe wala kuichomeka umeme ukiwa umewashwa. Kabla ya yote hayo, hata kabla hujachomoa plagi, soma mashine inasema nini. Katika mashine za kipindi hicho, nukta ndogo baada ya namba ya krediti (michezo iliyolipiwa) ni taarifa kwamba imejigundua ina tatizo, na vitufe vilivyo ndani ya mlango wa sarafu vitakuonyesha ni swichi ipi.

Fyuzi zinahitaji subira zaidi. Nunua mapema za akiba, zenye ampea ileile na aina ileile, kwa maana ya kuchelewa kukatika pale kitabu kinapotaka hivyo. Za mashine hizi kwa kawaida ni ndefu, milimita 32, na zile za milimita 20 zilizojaa madukani hazikai. Unapopima, itoe kwenye kishikio chake, kwa sababu ikiwa bado imo ndani mita inaweza kukudanganya. Na fyuzi ni mjumbe, mjumbe hauawi. Jumamosi moja jioni, wageni wakiwa njiani, niliweka yenye ampea kubwa zaidi kwa sababu ya kwanza ilikuwa "inasumbua". Kumbe transista moja, swichi ya kielektroniki, ilikuwa imepiga shoti na koili yake, yaani sumaku ya waya inayoiamuru, haiachii. Koili ya kurushia gololi hupewa umeme kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Yangu iliupata mfululizo, na harufu ya vanishi iliyoungua ilikaa sebuleni hadi Jumatano. Tangu hapo nikiwasha mashine yenye wasiwasi, mkono wangu haubanduki kwenye swichi. Nikisikia kishindo kisha mngurumo usiokoma, nazima.

Betri tatu za AA kwenye bodi ya kompyuta zitazame hata kama hazihusiki. Zikivuja hula njia za shaba kimyakimya. Toa bodi, safisha kwa siki kidogo, suuza, kausha kabisa. Bila betri mashine inacheza, ila inasahau rekodi na mipangilio.

Sasa turudi kwenye ule ugonjwa wa flipa. Kompyuta inaishi kwa volti 5, na zikishuka hadi karibu 4.6 inajianzisha upya. Kipimo hiki hufanywa umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo vua pete na saa, na mkono mmoja uweke mfukoni. Umeme wa koili huitwa wa volti 50, lakini ukipima unaweza kukuta karibu 70, na ule wa kioo cha maandishi unapita 100. Weka ncha nyekundu kwenye sehemu ya kupimia volti 5 ya bodi ya umeme, nyeusi kwenye ile ya athi (kwenye mashine nyingi za kipindi hicho ni TP2 na TP5, ila hakikisha kwenye kitabu chako), halafu mwombe mtu abonyeze flipa zote mbili. Kama mita ina kitufe cha MIN, kitumie, maana mshuko ni wa haraka kuliko jicho. Ikishuka, wa kwanza kushukiwa ni konekta zilizolegea au kubabuka, ndipo rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) na kapasita kubwa ya volti 5 (inayoutuliza). Kompyuta yenyewe iache ya mwisho.