UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ukiwa mjamzito: usimeze dawa kabla mkojo haujapimwa

Mama kijacho, ukisikia mkojo unachoma au kila saa uko chooni na kinatoka kidogo tu, tafadhali usikimbilie ile sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) iliyobaki kwenye droo, kwa mjamzito kwa kawaida inaepukwa, halafu bakteria wengi wa UTI wameshazoea dawa za kubahatisha. Nenda kliniki, omba mkojo uoteshwe, sio kipimo cha kijiti cha kuchovya kwenye mkojo peke yake, maana kuotesha ndo kunaonyesha mdudu gani yupo na dawa ipi inamuua.

Kutoa sampo: jisafishe mbele kwenda nyuma, mkojo wa kwanza uache uende, kinga wa katikati, usiguse ndani ya kikopo, na uupeleke mapema. Majibu yanachukua siku kadhaa, daktari anaweza kukuanzishia dawa salama halafu akaibadilisha. Mwambie mimba ina wiki ngapi, mfano nitrofurantoini, dawa mojawapo ya UTI, inaepukwa ukikaribia kujifungua.

Maliza dozi hata kama kuchoma kumeisha siku ya pili. Kisha rudi upimwe tena, wengine hawasikii chochote na wadudu bado wapo.

Homa, kutetemeka, kutapika, maumivu ubavuni? Hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku, huenda imefika kwenye figo.