Betri au alternata? Pima kwanza, nunua baadaye

Gari likigoma kuwaka, betri ndiyo hubebeshwa lawama kabla ya kitu kingine chochote. Inanunuliwa mpya, gari linawaka siku chache, kisha linagoma tena na betri mpya nayo imeshakufa. Mkosaji anaweza kuwa betri au alternata, mashine inayozungushwa na injini ili kuichaji betri. Kumjua kunataka mita ya kawaida ya umeme na vipimo vitatu: injini ikiwa imezimwa, stata (mota inayoiamsha injini) ikizunguka, na injini ikinguruma. Haya yote ni ya magari ya volti 12 yenye betri ya asidi. Ya haibridi na ya umeme yana nyaya za volti nyingi zinazoua, hizo waachie wenye mafunzo yake.

Hatua ya 1: Macho na mikono

Shika kila kichwa cha waya kwenye betri ujaribu kukizungusha kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, umeshapata tatizo la kwanza, na pengine ndilo la mwisho. Unga mweupe au wa kijani usafishe kwa maji vuguvugu yenye magadi, kisha sugua kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae. Ukifungua nyaya, anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho. Spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, utaona cheche ambazo hutazisahau.

Betri iliyovimba au inayovuja usiichaji, ibadilishe tu. Mkanda wa alternata nao uangalie: uliolegea, uliopasuka au unaolia gari likiwashwa hauzungushi alternata inavyotakiwa.

Hatua ya 2: Injini imezimwa

Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Ncha nyekundu kwenye nguzo ya chanya, nyeusi kwenye hasi. Gusa nguzo yenyewe, si kichwa cha waya. Kama gari limetoka safarini, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo ndipo upime. Bila hivyo utasoma chaji ya juujuu.

Volti 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki kidogo, na 11.8 kushuka chini ni tupu. Tupu si lazima iwe mbovu. Ichaji kwa chaja hadi ijae, iache itulie saa kadhaa, upime upya. Usiruke hapa: alternata inayohangaika kujaza betri tupu itakupa namba za kukupoteza.

Hatua ya 3: Stata ikizunguka

Mtu apige stata wewe ukiwa umeshika ncha za mita. Volti zisishuke chini ya 9.6, ingawa kwenye baridi kali zinaweza kushuka zaidi kidogo. Betri iliyokuwa 12.6 ikianguka hadi 8, imechoka ndani, au mara chache stata inakula umeme kupita kiasi.

Zikibaki 12 huku stata ikilia "tak" tu, acha kuisumbua betri. Weka ncha moja juu ya nguzo na nyingine juu ya kichwa cha waya kilichofunga nguzo hiyohiyo, mwenzako apige stata tena. Panatakiwa kusoma karibu na sifuri. Ukiona volti moja nzima, umeme unapotelea hapo hapo, kwenye upana usiozidi wa kidole. Pakiwa safi, fuata waya wa ethi (unaotoka hasi kwenda kwenye bodi), kisha stata yenyewe.

Hatua ya 4: Injini inanguruma

Pima tena kwenye nguzo. Kwa kawaida utapata kati ya 13.8 na 14.7. Washa taa kubwa na feni ya ndani, kanyaga mafuta hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Volti zisishuke chini ya 13.5. Magari mengi ya sasa alternata yake inaamriwa na kompyuta, na inaweza kupumzika kwa makusudi, kwa hiyo usiihukumu kabla ya kuwasha mizigo hiyo. Zikizidi 15, regulata (kidhibiti volti cha alternata) imeharibika na betri inachemshwa. Harufu ya mayai yaliyooza itakuthibitishia.

Wapo mafundi wanaochomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili "kuona kama alternata ni nzima". Mkatalie. Volti hupaa ghafla na kuunguza dayodi (vipande vya alternata vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) au kompyuta ya gari.

Haichaji? Tazama taa ya betri kwenye dashibodi. Swichi ikiwa imewashwa bila injini, inapaswa kuwaka. Isipowaka kabisa, anza na taa na waya wake, maana kwenye alternata nyingi za zamani umeme wa kuiamsha hupitia hapo.

Kisha pima mgongoni mwa alternata, kwenye boliti ya waya mnene, ncha ya pili ikiwa hasi ya betri. Ukipata 14.4 pale na 12.5 kwenye betri, alternata ni nzima: waya au fyuzi kubwa ndiyo imekata njia. Ikiwa mgongoni nako ni 12.5, sasa unaweza kuzungumzia brashi za alternata, regulata na dayodi.

Hatua ya 5: Vipimo ni vizuri, lakini asubuhi betri imelala

Kuna kitu kinanyonya. Zima kila kitu, funga milango, subiri kama nusu saa kompyuta zilale. Fungua waya wa hasi, weka mita kwenye ampea, uipitishe kati ya hasi ya betri na waya huo, na usiwashe gari hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Ampea 0.05 kushuka chini ni kawaida. Nusu ampea inakula ampea-saa 12 kwa siku, yaani betri ya ampea-saa 60 inakauka kwa siku tano. Chomoa fyuzi moja moja hadi namba ianguke. Isipoanguka kwa fyuzi yoyote, tenga waya mnene wa alternata, hasi ikiwa imefunguliwa, kisha upime upya: dayodi iliyovuja hunyonya usiku kucha huku mchana ikiendelea kuchaji.